Nyasi Zilizoshiba Samadi

"Mipira kumi na tisa!" Mansuri alisoma kwenye simu, akanyanyua kidole kama hakimu anayenyamazisha chumba. "Mgeni mmoja, siku moja. Mipira kumi na tisa imepotelea kwenye nyasi."

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwisho wa Mei, mvua zimekwisha kukata. Kijiwe chetu kipo Kibondo mjini, kwenye baraza ya duka la nguo lililofungwa. Mimi nimeweka cherehani yangu mwisho wa baraza. Katikati yupo Bi Kuruthumu na dele lake la kahawa. Bibi yake alitoka Ujiji, na kwa sababu hiyo anaamini kahawa ya watu wengine wote ni maji ya kusuuzia vikombe. Ukutani kuna benchi la mbao mbili juu ya matofali, na wenye benchi wanajulikana.

Mansuri tunamwita Rufaa. Aliwahi kufagia mahakama ya mwanzo kwa miaka mitatu, na tangu hapo hakuna jambo linaloamuliwa kijiweni bila yeye kulikatia rufaa. Pembeni yake asubuhi hiyo alikaa Sylvestre, tunayemwita Mosie, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge. Alikuwa amekuja Kibondo na furushi lake na kibali cha kutoka kambini cha siku saba, na tayari siku nne alikuwa amezimalizia kwenye benchi.

"Soma vizuri," Bi Kuruthumu alisema. "Nyasi za wapi?"

"Za gofu. Ile hoteli ya barabara ya Kasulu. Sikiliza: 'Mashindano yameahirishwa baada ya mgeni rasmi kupoteza mipira kumi na tisa kwenye maeneo ya nyasi za asili. Uongozi unachunguza uwezekano wa hujuma.'"

"Nyasi za asili? Kwani kuna nyasi za kambo?"

"Ziko, mama," Mosie alidakia. Gofu ilikuwa imetajwa, na yeye hakuna kitu asichowahi kukifanyia kazi. "Katikati, pale batu banapiga mupira, ni nyasi ya kuleta na gari. Banaikata sawa kichwa ya soldat wa jeshi. Pembeni sasa, banaacha nyasi ya porini, ile yetu, inafika mu magoti. Mupira ukienda pale, umefanya zambi."

"Ukishafanya dhambi?"

"Unaenda kuutafuta, unauona, unaupiga kwa shida. Ile shida ndiyo azabu yako. Lakini lazima uuone! Usipouona, ile haiko gofu tena. Ile ni kutafuta mbuzi."

Bi Kuruthumu alitua dele. "Kwa hiyo mtu anatoka kwake Dar, anapanda ndege, anapanda gari, anakuja Kibondo kulipia adhabu?"

"Wengine tulilipia mahari," alisema Rufaa.

"Wewe mahari yako mpaka leo iko rufani. Mosie, na hayo yote umeyajulia wapi?"

"Mi nilibeba fimbo za padri mumoja kule Kalemie."

"Wiki iliyopita ulisema Kalemie ulikuwa mpishi wa meli."

Mosie hakutikisika. "Mu meli kulikuwa na gofu."

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Hilali akikokota baiskeli. Huyu tunamwita Trekta. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mikono yake mipana kama majembe. Shamba ambalo wenzake wanalima kwa wiki, yeye analimaliza wenzake wakiwa bado wanatafuta mpini. Kuna msiba mmoja kule Kitahana alichimba kaburi peke yake, akafuta jasho, akauliza kama kuna lingine. Mwaka juzi hoteli ilipofunguliwa alipewa kazi ya msimamizi wa nyasi za asili, wakampa na fulana yenye jina lake kifuani. Fulana hiyo tumeizoea ikiwa safi. Siku hiyo ilikuwa imevaliwa nyuma mbele.

"Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, akakaa. Hakumsalimia mtu mmoja mmoja.

"Trekta," Bi Kuruthumu alisema taratibu, akimpa kikombe. "Hayo tunayoyasoma ni wewe?"

"Ni mimi. Meneja kanipigia. Yupo njiani anakuja mjini kuchukua mahitaji, amesema kabla ya saa tano nimsubiri hapa nimpe maelezo. Maelezo yasipomtosha, kutoka hapa tunakwenda polisi."

"Polisi! Kwa nyasi?"

"Anasema nimezinenepesha makusudi ili mipira ipotee. Eti wageni wakiondoka naiokota, naiuza Kasulu."

"Kasulu nani ananunua mpira wa gofu?" Rufaa aliuliza.

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema hilo ndilo anataka nimweleze."

Mwizi wa mahindi tunamjua, mwizi wa baiskeli tunamjua. Mwizi wa vitu visivyo na mnunuzi ilibidi tumfikirie kwanza.

"Umeuza?" Bi Kuruthumu aliuliza.

"Hata mmoja."

"Na nyasi kunenepa?"

Trekta alitazama kikombe chake. "Hilo ni kweli. Nilizilisha."

"Ulizilisha nini?"

"Samadi."

Rufaa aliinuka nusu, akakaa tena. "Kiasi gani?"

"Toroli mia na arobaini."

Akatueleza, na mimi nayaandika kwa mpangilio alioutumia. Alipokabidhiwa yale maeneo alikuta nyasi zimekonda. Shina hapa, shina pale, katikati unaona udongo. Aliona aibu. Kila mgeni aliyepita, yeye alimwonea haya, kwa kuwa jina lake lilikuwa kifuani. Hoteli ilikuwa imempa karatasi ya mwongozo wa mwaka mzima: mvua zikianza usiguse, Februari ng'oa magugu kwa mkono, mvua zikikata na mbegu zikidondoka, kata mara moja, beba nyasi zote nje. Na mwisho kabisa, kwa herufi nzito: usitie mbolea, usimwagilie.

"Sasa umesoma usitie, ukatia?" aliuliza Rufaa.

"Nilisoma. Lakini nilijua sababu. Mimi nimefanya kazi ofisi nne wilaya hii. Kila ofisi, kitu kikiandikwa hakihitajiki, ujue fungu lake limeliwa. Nikasema, masikini, hoteli yenyewe changa, hela ya mbolea imeliwa, wameona aibu kusema. Sikutaka kuwaaibisha. Nikaenda ukweni Kitahana nikaomba samadi ya bure."

"Ukamwomba mama mkwe?"

"Nilimtuma shemeji. Mimi na mama mkwe kwa mila hatutazamani, si unajua. Mama akasema mkwe wangu hajawahi kuomba kitu, mpeni zizi lote. Novemba mpaka Januari, kila Jumapili, toroli kwa toroli. Na kwenye nyasi nikasambaza kwa mkono, shina kwa shina."

"Jumapili ni siku yako ya mapumziko," nilisema.

"Ndiyo, Fundi. Ndiyo siku niliyokuwa na nafasi."

Mosie alijishika kichwa. "Mon frère, ndugu yangu! Nyasi ya gofu lazima iwe na njaa! Ikiwa na njaa inasimama moja moja, mupira unaonekana, batu banapiga picha. Ukiipa chakula inakuwa pori."

"Nyasi iwe na njaa?" Trekta aliuliza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza wazo hilo lilimwingia. "Mtu mwenye hela anataka kutazama nyasi yenye njaa?"

"Na anapenda isipone," Bi Kuruthumu alisema. "Kwani sisi hapa hatujapigwa picha? Yule mgeni wa mradi si alikataa nibadilishe kanga kwanza?"

"Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi," alisema Rufaa. "Hawakusema zikihurumiwa itakuwaje. Haya, tuna saa moja na nusu. Mshitakiwa, nikutetee?"

"Nitetee."

Rufaa aliomba karatasi. Nilimpa ile ninayochorea vipimo. Akaandika namba moja, akazungushia duara, akafikiri sana.

"Kesi yako ina milango miwili," alisema. "Ukikana samadi, wewe ni mwizi. Ukikubali samadi, wewe ni mjinga. Mimi kama wakili wako nakushauri uwe mwizi."

"Astaghfirullah!" Bi Kuruthumu alipiga jiko kwa mwiko.

"Nisikilize, mama. Mwizi ana heshima yake. Mwizi akikosea anahamishiwa wilaya nyingine, na huko anapokelewa na ngoma. Mjinga umemuona wapi akihamishwa? Mjinga anabaki hapo hapo, watoto wanamwimba. Mwizi kwenye harusi anapewa kiti cha mbele. Mjinga anaambiwa, hebu tusaidie kubeba hivyo viti."

"Huyu hata bila kuambiwa anabeba," alisema Mosie.

"Na faili lake litakuwa na uzito! Hujuma! Hapa Kibondo nani amewahi kushitakiwa kwa hujuma? Sisi tunashitakiwa kwa mbuzi."

Trekta alikuwa akisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza kila mtu, na hilo lilinitia wasiwasi. "Na mama mkwe?" aliuliza.

"Mama mkwe amefanyaje?"

"Alinipa zizi lote. Habari ikifika Kitahana kwamba mimi mwizi, watasema samadi yake ndiyo iliyootesha wizi. Wifi zake wamesubiri maneno ya namna hiyo miaka kumi. Na mimi siwezi kwenda kumweleza, maana siwezi kumtazama." Aliweka kikombe chini. "Mjinga wanaweza kumsamehe. Wameshanizoea."

"Basi kuna mlango wa tatu," alisema Rufaa, akaandika namba tatu bila kuandika namba mbili. "Nyani. Nyani wameiba mipira."

"Nyani wa wapi? Pale hakuna nyani."

"Ndiyo maana hawajaonekana."

"Yezu!" alisema Mosie. "Huyu anakupeleka jela na nyani wake."

Bi Kuruthumu akanigeukia. "Fundi, wewe umekaa tu unakanyaga cherehani. Unasemaje?"

Nilikuwa na kola mkononi na sipendi kuiacha kola katikati. Niliimaliza. Kisha nikasema kwamba kwa maoni yangu aseme kilichotokea, kwa jinsi kilivyotokea, kuanzia mwanzo.

"Huo si utetezi," alisema Rufaa kwa masikitiko. "Huo ni ukiri. Fundi, wewe usingefaa hata kufagia mahakama."

Saa tano kasorobo gari la hoteli lilisimama mbele ya baraza. Alishuka meneja, kijana wa Dar mwenye raba nyeupe, akitafuta mahali pa kuzikanyagisha pasipo na vumbi. Hapakuwapo. Akatusalimia shikamooni wote kwa mkupuo, akakaa kwenye ncha ya benchi. Bi Kuruthumu akampa kahawa bila kuuliza kama anataka.

"Mzee Hilali," alisema, "mimi sina noma na wewe. Ila bosi amenipigia mara saba tangu Jumamosi. Mgeni rasmi ametambaa kwenye nyasi kwa magoti, mzee, na suruali nyeupe, mbele ya kamera. Nataka kitu kimoja tu: kwa nini nyasi za hole namba mbili mpaka namba sita zimekuwa msitu?"

"Mheshimiwa," alianza Rufaa, akisimama na karatasi yake, "kabla mteja wangu hajajibu, naomba izingatiwe kwamba nyani…"

"Rufaa, kaa," alisema Trekta. Sauti yake ilitoka ndogo. "Bwana meneja, ni mimi. Nilitia samadi."

Akaeleza yote: nyasi kukonda, aibu, fungu la mbolea lililoliwa, zizi la ukweni, toroli mia na arobaini. Alieleza taratibu mpaka mwisho, na kila namba ilikuwa sawa na ile aliyotuambia sisi. Nilimtazama meneja. Mwanzoni alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kufikia toroli ya kumi hivi aliacha, na alipofika mwisho alikuwa akimtazama Trekta kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisingizia paka.

"Mzee," alisema. "Nisaidie nielewe. Samadi ya kwako."

"Ya mama mkwe."

"Toroli ya kwako. Siku yako ya mapumziko. Hujatumwa. Hujalipwa posho. Hujaomba hata mafuta."

"Toroli haili mafuta."

"Miezi mitatu. Na hujamwambia mtu."

"Sikutaka kuwaaibisha."

Meneja aliweka kikombe chini. "Unaona sasa? Hapo ndipo unaponizingua. Ungeniambia umeuza mipira kumi, ningekuelewa, tungeyamaliza. Lakini unataka nimwandikie bosi kwamba ndani ya Tanzania hii kuna mtu ameongeza kazi bila kuongezwa hela? Atanifukuza mimi. Nani ataamini hiyo?"

Nilimtazama Rufaa, naye alitazama matofali.

"Hata mimi siamini," alisema hatimaye, "na mimi ndiye wakili wake."

Meneja alitoa simu, akawa anatafuta namba, na ilionekana wazi kwamba hakuwa akiitafuta kwa furaha. Mosie alikuwa ameanza kukunja vitenge vyake, maana mtu mwenye kibali cha siku saba hapendi kukutana na polisi hata kama hana kosa.

Hapo ndipo alipofika Theodosia.

Theodosia ni mama wa kijiji cha jirani na hoteli. Anatengeneza mutobe, yale maji matamu ya ndizi, na siku za soko analeta madumu yake mjini. Kwetu mtu hawezi kuingia mahali bila salamu. Theodosia aliingia bila salamu. Alipita mbele ya meneja kana kwamba ni nguzo ya umeme, akasimama juu ya Trekta na dumu mkono mmoja na fungu la nyasi mkono wa pili.

"Wewe Hilali! Umeniulia mutobe wangu!"

"Mama Theodosia," Trekta alinong'ona, akimtupia jicho la onyo, "ngoja kwanza, tuna…"

"Ningoje nini? Onja!" Alimimina kwenye kikombe cha kahawa. Ulikuwa wa kijani. "Onja! Mutobe wa rangi hii umeuona wapi? Kwenye bwawa! Jumamosi nimeupeleka kwenye posa, mshenga kaonja, kaniuliza ndizi hizi zimezaliwa na ng'ombe gani!"

"Shida imekuwa nini, mama?" Bi Kuruthumu aliuliza, akimtazama kwa jicho la pembeni meneja na simu yake.

"Shida ni nyasi!" Theodosia alitikisa lile fungu. "Ndizi unaikamua kwa nyasi, si kwa mikono mitupu. Unachanganya, unakanda, nyasi ndiyo inayong'ang'ana na nyama ya ndizi mpaka maji yatoke safi. Kwa hiyo iwe nyembamba, kavu, ngumu, iliyolelewa na shida. Sasa tazama hii!" Aliinyonga kidogo, ikakatika. "Mchicha! Imenona kama mjomba wa bwana harusi! Inakatika mkononi, inatoa utomvu, inanuka zizi. Nani alikwambia nyasi inataka samadi?"

Meneja alikuwa ameshusha simu. "Samahani mama. Umejuaje kuwa ni samadi?"

Theodosia alimtazama mara ya kwanza, juu mpaka chini, akaishia kwenye raba. "Kwani sina macho, mwana wanje?" alimwita kwa Kiha, kama mwanawe. "Tangu Novemba namwona huyu na toroli yake. Jumapili sisi tunakwenda kanisani, yeye anapanda na toroli. Tunatoka kanisani, yeye anapanda na toroli. Mvua inanyesha, anapanda na toroli. Tukadhani ana ugonjwa. Tulimwombea!"

"Mlimwombea?"

"Ibada mbili."

"Watu wanasema anaiba mipira."

"Nani? Huyu?" Theodosia alicheka mpaka dumu likacheza. "Mwizi si anakwenda na toroli tupu, anarudi nayo imejaa? Huyu alikwenda imejaa, akarudi tupu, miezi mitatu. Mtu wa namna hiyo unamwitaje? Mimi jina lake sijalipata, lakini mwizi siyo."

Rufaa aliandika hayo haraka haraka kwenye karatasi yake, kana kwamba ni yeye aliyemwita shahidi.

Meneja alilitazama lile fungu la nyasi. Halafu, kwa upole, kama anauliza saa: "Na nyasi hizi mama, unakatia wapi?"

Trekta alifumba macho. Mimi niliacha kukanyaga cherehani.

"Pale, kwa wale wajinga wa gofu," alisema Theodosia. "Wanaochimba mashimo tisa halafu hawapandi kitu."

Kisha akamgeukia meneja tena.

"Na wewe ni nani?" akamuuliza.

"Mimi ndiye meneja wa wale wajinga."

"Oh là là," alisema Mosie kwa sauti ya chini.

Theodosia hakurudi nyuma hata hatua. Aliweka dumu chini. "Vizuri. Nilikuwa nakutafuta."

"Mama, pale kuna uzio. Kuna kibao. Kuna mlinzi."

"Mlinzi wako anakunywa mutobe wa nani? Na mama yangu alikata nyasi pale kabla hoteli haijazaliwa. Mimi na wenzangu watano tunaingia upande wa mteremko, kwenye shimo la saba, alfajiri, hatumsumbui mtu. Huyu na toroli yake mteremko ulimshinda, kwa hiyo kule nyasi ilibaki nzuri. Mwaka huu ya kule imetuishia mapema, tukashuka huku kwake. Ndiyo haya!"

Niliona kitu kwenye uso wa meneja. Hakikuwa hasira.

"Shimo la saba," alisema.

"La saba."

"Namba saba hakuna mpira hata mmoja uliopotea." Alisema kama anajisemea mwenyewe. "Namba saba ndiyo picha iliyoko kwenye kipeperushi. Nilimwandikia bosi kwamba namba saba nimeisimamia mimi mwenyewe, kitaalamu." Akanyoosha mkono. "Mzee Hilali, una ile karatasi ya mwongozo?"

Trekta aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nane.

"Mama," alisema meneja, akiikunjua juu ya goti, "mnakata lini?"

"Mbegu ikishadondoka. Ukikata kabla, mwakani utakula nini?"

Kidole cha meneja kilishuka mstari mmoja. "Mnakata fupi kiasi gani?"

"Unaacha kiganja. Ukikwangua unaua shina."

"Zilizokatwa mnaziacha pale?"

"Uziache zioze? Ziwe samadi? Tunabeba yote, tunafagia mpaka majani."

"Magugu?"

"Tunang'oa yakiwa madogo. Gugu likiingia kwenye ndizi, mutobe unakuwa mchungu."

Kidole kilikuwa kimefika mwisho wa karatasi. Aligeuza upande wa pili kuona kama kuna kitu kimebaki. Hakikuwapo.

"Huu mwongozo," alisema polepole, "uliandikwa na mtaalamu. Alikuja kwa ndege. Alikaa hotelini siku kumi na mbili."

"Angekuja kwangu," alisema Theodosia, "ningempa na mutobe."

Bi Kuruthumu alimwongezea meneja kahawa, na safari hii aliinywa. Kisha alitoa simu, na Trekta akasimama, mikono imenyooka kando, akijua sasa ni polisi. Lakini meneja alipiga kwa bosi wake. Tulimsikia akisema neno samadi, akalirudia mara tatu kwa sauti kubwa. Akasema hapana, si wizi, ana shahidi. Akasema hapana bosi, bure. Akarudia: bure. Upande wa pili ulikuwa kimya kwa muda mrefu sana, nikadhani salio limekwisha.

Alipokata simu alitangaza hivi. Akina mama wa Theodosia wataingia kwa lango kuu, mchana, kila mwaka mvua zikikata, wakate na kubeba maeneo yote kama wanavyokata shimo la saba. Zile zilizonona, kwa kuwa hazifai gofu wala ndizi, zikatwe zote wiki hii zipelekwe Kitahana kwa ng'ombe.

"Ng'ombe wa mama mkwe?" Trekta aliuliza.

"Wenye samadi yao."

"Kwa hiyo ng'ombe watarudishiwa," alisema Bi Kuruthumu. "Wema hauozi."

"Huu ulikuwa umeshaoza ndipo ukatolewa," alisema Rufaa.

"Na mimi?" Trekta alikuwa bado amesimama.

"Wewe unabaki, mzee. Jina lako ni safi, nitamwandikia hata mama mkwe barua akitaka. Ila bosi ametoa sharti. Anataka maandishi." Akamgeukia Rufaa. "Wakili, una karatasi?"

Rufaa alikuwa anayo, na alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alipoacha ufagio. Aliandika kwa mwandiko wa mahakama, meneja akisema na yeye akirekebisha, kisha akasoma kwa sauti: "Mimi Hilali, maarufu Trekta, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, naahidi mbele ya mashahidi kwamba kuanzia leo sitaongeza bidii yoyote kazini pasipo kuamriwa."

Trekta alichukua kalamu. Nimemwona mtu huyu akibeba magunia mawili kwa mpigo na hakuonekana kusikia uzito. Kalamu ile ilimlemea. Alianza herufi ya kwanza, akasimama.

"Hata Jumapili?"

"Hasa Jumapili," alisema meneja.

Akasaini. Mashahidi tukasaini: mimi, Bi Kuruthumu, Theodosia kwa dole gumba la kijani, na Mosie aliyeuliza kwanza kama kibali chake kinaruhusu.

"Bwana meneja," Rufaa alisema, akikunja karatasi kwa heshima. "Nafasi ya mtu wa kukaa karibu na nyasi asizifanye kitu ikitangazwa, naomba unikumbuke. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini bila mkataba."

"Tatizo lako wewe mzee ni kwamba una uzoefu kupita kiasi," alijibu meneja. Akaingia garini na Theodosia kiti cha mbele, dumu mapajani, akimwelekeza mahali pa kupita.

Mosie alibeba furushi lake kwenda sokoni. Rufaa alikwenda kutafuta mtu wa kumsomea nakala ya kiapo. Trekta alikuwa ameambiwa apumzike mpaka kesho, kwa hiyo alibaki benchini na mimi na Bi Kuruthumu. Aliweka mikono magotini. Akaiweka kwapani. Akaikalia. Nikarudi kwenye shati langu, nikashona mkono mmoja. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshasawazisha matofali ya benchi, amezibua mfereji mbele ya baraza, na amemwaga majivu ya jiko, na sasa alikuwa ameushika ufagio.

"Trekta!" alisema Bi Kuruthumu. "Wino haujakauka!"

"Nimeapia hoteli, mama. Hapa sijaapa."

Bi Kuruthumu aliinuka, akamnyang'anya ufagio, akaukalia.

"Kaa chini, baba. Tafadhali. Usije ukaniharibia baraza kwa wema."